Wasifu wa Balozi Malachy Guckian, Anayezikwa Mlimani na Si Cloonagh

Kwanza familia inawaomba radhi wote waliokwenda makaburi ya Cloonagh leo kwa kufuata tangazo la redio la Jumamosi jioni. Tangazo lilisema marehemu atalazwa pamoja na wazazi wake. Waliolitoa hawakukusudia kudanganya, ila walilitoa kabla mwenye kaburi hajaulizwa. Mtu amewekwa getini kule kuwaelekeza huku kwenye makaburi ya mlimani. Sababu ya mabadiliko haya imo humu, mahali pake, ili kila mmoja aisikie mara moja na kwa sauti, asilazimike kuitafuta buchani kwa Bernie.

Aliyeandika ni dada yake, Attracta, ambaye aliacha shule akiwa na miaka kumi na miwili. Aliyepiga chapa ni Colette, binti wa marehemu. Makao makuu ya chama cha siasa alichokiongoza yaliandaa wasifu mwingine wa kurasa nne, wenye vyeo vyote na nishani zote. Nakala zake zipo kwenye meza ya mlangoni kwa anayezitaka.

Malachy Joseph Guckian alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1938, katika chumba kilicho juu ya duka, Barabara Kuu, hapa Drumsillagh, Kaunti ya Leitrim. Baba yake alikuwa Packie Guckian, fundi wa matandiko ya farasi ambaye farasi walipoanza kupungua aligeukia kuuza misumari, ndoo na kamba. Mama yake alikuwa Rose Ann, binti wa Mulvey wa Cloonagh. Alibatizwa siku ya pili tu, kwa sababu alikuwa mdogo kama mkate na mkunga hakuwa na imani naye. Miaka kumi na miwili ilipita kabla dada yake hajazaliwa. Kwa hiyo alizoea kuwa mtoto peke yake nyumbani, na waliomjua watakubali kwamba mazoea hayo hayakumtoka kabisa.

Alianza shule ya msingi hapa mjini mwaka 1942. Siku za mnada wa ng'ombe shule ilifungwa, na Barabara Kuu ikajaa mifugo mpaka kwenye vizingiti vya milango. Katika mnada mmoja wa Novemba, akiwa na miaka tisa, aliwakuta wanaume wawili wa milimani wakivutana juu ya mtamba mwekundu. Mmoja alikuwa ameshaondoka mara tatu na kurudi mara tatu. Madalali waliozoea kazi hiyo walikuwa wamechoka nao, wameingia kunywa. Malachy akamshika mmoja mkono, akamburura mpaka kwa mwenzake, akamwambia, “Mzee, wewe unataka kuuza na huyu anataka kununua. Mnaoneana haya tu.” Watu wakacheka mpaka wale wawili nao wakacheka, wakapigana viganja, na mtamba akahama. Baba alikisimulia kisa hiki mpaka alipokufa, na kila alipokisimulia mtamba alizidi kunenepa.

Mwaka 1951 alikwenda shule ya bweni ya mapadre huko Sligo, na mwaka 1956 akaingia chuo kikuu Dublin, akasoma historia na sheria. Mwaka 1961 alifaulu mtihani wa wizara ya mambo ya nje. Alikuwa wa kwanza kutoka mji huu, na vijana waliwasha moto mkubwa njia panda usiku ule. Dada yake alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alibeba kuni mpaka mikono ikachubuka, kwa furaha.

Tarehe 5 Februari 1962 Mama alianguka dukani akiwa anapima kamba. Kilikuwa kiharusi, na upande wa kulia haukurudi tena. Attracta alitolewa shuleni wiki hiyohiyo. Malachy aliandika kutoka Dublin kwamba ni kwa mwaka mmoja tu, na kwamba yeye mwenyewe atahakikisha dada yake anarudi kwenye dawati lake. Mwaka huo ulichukua miaka kumi na saba.

Marehemu alitumwa Brussels mwaka 1966, Lagos mwaka 1973, Cairo mwaka 1981, na mwaka 1988 akapelekwa Lisbon akiwa balozi kamili. Wenzake walioandika wiki hii wanasema hawakuwahi kumsikia akipandisha sauti, na kwamba alijua kukaa kwenye kiti kigumu kuliko mtu yeyote, akingoja upande wa pili uchoke. Hayo ni kweli. Hata nyumbani alikuwa hivyo. Ukimuuliza kama anataka yai, hukupata ndiyo wala hapana, ulipata hali ya mambo ilivyo. Mjini walimwita Balozi hata alipokuwa bado karani, na dada yake akaitwa Dada wa Balozi, jina ambalo hakuulizwa kama analipenda.

Alifunga ndoa na Odile Maes Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1968, kwao Leuven, Ubelgiji. Attracta hakuhudhuria, kwa sababu Mama hakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Odile alikuja Drumsillagh kiangazi kilichofuata. Siku ya kwanza alivua saa, akakunja mikono ya blauzi yake ya hariri, akaingia chumbani kwa Mama kusaidia kubadili shuka. Kisha akamuuliza Attracta, kwa lugha yake ya kuungaunga, kama amechoka. Alikuwa mtu wa kwanza kuuliza. Mwaka 1970 walijaliwa Colette. Odile alifariki mwaka 1994 na amezikwa Leuven kwenye kaburi la kwao. Miaka yote Malachy alisema kwamba atalala pale na mkewe, na kila mtu nyumbani alilichukulia hivyo.

Baba alifariki mwaka 1971, na Malachy alifika siku ya nane. Mama alifariki mwaka 1979, naye akafika siku ya nne. Halikuwa kosa lake. Kazi ilikuwa hivyo na ndege zilikuwa hivyo. Lakini hakuwahi hata mara moja kusimama ukingoni mwa kaburi la Cloonagh likiwa wazi, akaona mwenyewe nani yuko wapi na pamebaki kiasi gani. Hili tunaomba mlikumbuke, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo.

Kaburi la Cloonagh ni la watu wanne. Mama alipoona siku zake zimekwisha, aliagiza bati la biskuti liletwe, akatoa karatasi ya umiliki wa kaburi, akamkabidhi Attracta mbele ya paroko. Alisema, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, “Wewe ndiye uliyenigeuza kila siku. Utalala na mimi.” Baada ya Mama kuzikwa zilibaki nafasi mbili. Mwaka 1983 shangazi yetu Delia alirudi kutoka Glasgow na sanduku moja, akafa baada ya miezi mitatu. Hakuwa na mume wala mtoto wala kaburi. Attracta alimpa nafasi ya tatu, akijua kwamba kaka yake ana mahali pake Leuven. Alimwandikia Cairo: “Shangazi Delia amefariki Ijumaa. Amezikwa salama.” Hakuandika amezikwa wapi. Kuandika kulikuwa kazi nzito kwake, na barua ilionekana imetosha. Hilo ni kosa lake na analikiri hapa.

Malachy alistaafu Machi 1998 akarudi nyumbani, kwenye chumba kilekile cha juu ya duka. Wengi walidhani atavua samaki. Mwaka 2000 chama kilimchagua kuwa mwenyekiti wa taifa. Chama kilikuwa kimegawanyika vipande viwili visivyosalimiana, na alivikalisha sebuleni kwetu, kipande kimoja upande wa dirisha na kingine upande wa moto, mwezi baada ya mwezi, mpaka vikaanza kupitishiana sukari. Aliyekata mikate na kuosha vikombe mnamjua. Bernie muuza nyama alikuwa akimuuliza kila asubuhi, “Attracta, leo mwenyekiti ameruhusu mvua inyeshe?” Naye alikuwa akimjibu kwamba suala hilo liko kwenye kamati.

Jumamosi, tarehe 24 Novemba 2001, chama kilifanya chakula chake cha mwaka katika ukumbi wa parokia hapa mjini. Watu mia tatu walikuja. Marehemu alizungumza vizuri kama kawaida yake, na mwishoni, bila kumwambia mtu mapema, alisema amelala katika miji kumi na moja ya dunia, lakini usingizi wa mwisho ataulala Cloonagh, kwa baba na mama. Watu walisimama kupiga makofi. Wanawake walitoa leso. Wiki iliyofuata maneno hayo yalikuwa gazetini pamoja na picha yake.

Attracta alikuwa jikoni mwa ukumbi akikata nyama ya paja. Josie, aliyekuwa akimsaidia, alimgusa kiwiko akasema, “Umesikia? Jamani, kaka yako anajua kusema.” Attracta alisema kisu hakina makali.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Nafasi ilikuwa moja, na yeyote atakayetangulia kufa ndiye atakayeipata. Ni jambo baya kulifikiria unapomwekea mtu chai. Kaka akikohoa alijikuta anahesabu. Yeye mwenyewe akipata kizunguzungu kwenye ngazi alihesabu pia, na mara nyingine alishika ukuta na kuona afadhali, kisha akaona haya. Mwanzo hakusema kwa sababu alingoja aulizwe. Baadaye hakusema kwa sababu mji mzima ulishapiga makofi, na kumrudisha mwenyekiti kwenye neno lake kungekuwa kumvua nguo hadharani. Na mwishowe hakusema kwa sababu kaka yake aliugua, na kumdai mgonjwa kaburi ni jambo lisilo na jina.

Ugonjwa ulianza Oktoba 2005 kwa kukosa hamu ya chakula. Hospitali Dublin walikuta saratani kwenye ini. Alirudi nyumbani Januari kwa hiari yake, akaendelea kuongoza mikutano akiwa kitandani, watu wamekaa kwenye viti vya jikoni hadi kwenye korido. Hakulalamika. Muuguzi wa wilaya alikuja kila siku, na saa nyingine zote ilikuwa ni kazi ileile ya mwaka 1962, kwenye chumba kilekile. Colette alifika kutoka Brussels mwanzoni mwa Machi na akabaki.

Ijumaa, tarehe 17 Machi, maandamano ya Mtakatifu Patrick yalipita chini ya dirisha saa saba mchana. Chama kilisimama mbele ya nyumba, ngoma zikanyamaza, watu wakavua kofia. Marehemu alitaka kuinuliwa aone. Colette alikuwa ameteremka kufungua mlango. Attracta alimwinua kaka yake kama alivyokuwa akimwinua Mama, akaona uzito ni uleule. Hapo ndipo alipomuuliza.

“Kaka, Cloonagh imebaki nafasi moja tu. Mimi nitalala wapi?”

Aliwatazama waliokuwa chini mpaka ngoma zikaanza tena na kofia zikarudi vichwani.

“Moja? Nilidhani mbili.”

“Yupo Delia.”

“Delia,” akasema, kama mtu anayetafuta sura. “Hukuniambia.”

“Hukuuliza.”

Akacheka kidogo kwa pua, akasema, “Basi wazee wetu walizaa mabubu wawili.” Halafu akasema neno ambalo wanachama wanalijua, kwa sababu alifunga nalo kila mkutano mgumu: “Tutalitazama.” Akaomba alazwe.

Hakupata siku ya kulitazama. Asubuhi yake hakuzungumza tena, na saa tisa na robo alasiri ya Jumamosi, tarehe 18 Machi 2006, alifariki dunia, mkono mmoja ukiwa mkononi mwa Colette na mwingine kwa Attracta. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane na siku tisa. Dirisha lilifunguliwa, saa ya ukutani ikasimamishwa kama ilivyo desturi yetu, na kabla chai ya kwanza haijamiminwa Ndugu Eugene Creegan, katibu wa chama, alishapiga simu redioni.

Mazishi yalipangwa Jumanne, kwa hiyo kaburi lilipaswa kuchimbwa Jumatatu. Hapa kwetu hakuna mtu atakayefungua kaburi Jumatatu kama nyasi zake hazikukatwa Jumapili. Ndiyo maana, baada ya misa ya pili juzi, Hughie Bohan, mchimba makaburi, alikuja mlango wa nyuma akiwa na sepetu yake imefungwa gunia. Jikoni kulikuwa na watu kama ishirini na vikombe vyao. Hughie alivua kofia.

“Attracta, nikate wapi?”

Ndugu Creegan ndiye aliyejibu, akiwa na rasimu ya programu mkononi. “Cloonagh, bwana. Imeshatangazwa.”

“Sikukuuliza wewe, Eugene. Karatasi anayo huyu.”

Siku ya Ijumaa hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Attracta angeweza kusema kwamba kaka yake alibadili nia, kwamba aliomba mwenyewe apelekwe mlimani, na nusu ya mji ingeamini. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Aliyameza, akasema yaliyotokea: kwamba alimuuliza, kwamba alijibu tutalitazama, na kwamba hakupata siku nyingine.

“Basi hakukataa,” Ndugu Creegan alisema, na alisema kwa upole. “Dada Attracta, utamwondoa kaka yako kwa mama yake mbele ya nchi nzima?”

“Simwondoi. Hakuwahi kuwepo. Mama alinipa ile nafasi kwa mdomo wake, na paroko alisikia. Vingine vyote nilimpa Malachy, na sikunung'unika wala hamkunisikia. Hiki sitampa.”

Hakuna aliyeinua kikombe. Attracta akaiweka mikono yake chini ya aproni. Ndugu Creegan alimgeukia Colette, akamwambia yeye ndiye binti, aseme neno.

Colette alikuwa anakausha sahani. Alimuuliza Hughie kaburi la mlimani linachukua watu wangapi. Hughie akasema watatu, ukichimba sawasawa.

“Basi chimbeni la watatu,” Colette alisema. “Na Shangazi, nakuomba kitu kimoja. Liwe mahali nitakapoliona nikiwa bado barabarani, maana nitakuwa natoka mbali.”

Akaenda mwenyewe na Hughie katika mvua, kwa viatu vyake vya mjini, na nyasi za kwanza alizikata yeye. Wengine waliokuwapo jikoni waliondoka bila kuaga. Wengine walibaki wakaosha vikombe. Majina hayatatajwa.

Attracta anajua yanayosemwa tangu Jumapili, na baadhi ni haki yake kuyasikia. Kinachomsumbua si mji. Kaka yake aliutumia uhai wake kuwapatanisha watu, na labda kesho yake angetafuta njia ya tatu ambayo dada yake, kwa shule yake ndogo, hakuiona. Labda angesema, nipelekeni juu, na wangeagana vizuri. Labda angeshikilia Cloonagh. Siku moja ingetosha kujua, na siku hiyo hawakupewa. Angemuuliza miaka mitano iliyopita ingekuwepo. Hilo atakaa nalo.

Marehemu ameacha binti yake Colette na mumewe Joris, wajukuu wawili, Femke na Patrick, dada yake Attracta, binamu zake wa Mulvey, majirani wa Barabara Kuu, na chama ambacho pande zake zote mbili zimembeba leo bega kwa bega kutoka kanisani, jambo ambalo angelipenda. Nafasi mbili zilizo juu yake ni za Colette kuamua.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi wa wilaya, paroko, Hughie Bohan na wenzake waliochimba katika mawe haya, na Ndugu Creegan, ambaye jana alikwenda mwenyewe kwa mpiga chapa kubadili jina la makaburi kwenye programu.

Baada ya sala, chai ipo nyumbani kwa wote, wa huku na waliopotelea Cloonagh. Attracta atakuwa mlangoni kupokea mkono wa kila atakayetaka kuutoa.

Mungu amlaze Malachy pema, hapa hapa mlimani.